Arobaini ya Ukungu

"Kitoe hicho chetezo hapo chini, mama. Nimesema mara tatu."

"Na mimi nimekusikia mara tatu. Sijaziba masikio."

"Moshi wote unapanda juu, unaingia kwenye AC."

"Ndiko unakotakiwa uende. Huko ndiko kunakonuka."

"Kunanuka kwa sababu ya huo moshi."

"Udi unanuka? Hatibu, we umelelewa wapi, unasimama mbele ya watu unasema udi unanuka?"

Jana mchana, baada ya kula, nilijinyoosha kwenye mkeka sebuleni kwa mama mkwe wangu, Bi Saumu, nikaota nagombana naye. Mpaka hapo hamna ajabu. Tunagombana hivyo hivyo tukiwa macho, maneno yale yale, na yeye kashika kiuno vile vile. Ndiyo maana nilichelewa kujua kwamba naota.

Ugomvi wenyewe uko hivi. Mke wangu Zena alikuja kwa mama yake kujifungua na kukaa arobaini, kama ilivyo desturi. Chumba alichopewa kina joto la kuivisha mkate, na mimi ni fundi AC, sasa ningekaa nitazame tu? Nikatafuta AC ya mtumba, ilitolewa kwenye gesti moja iliyofungwa, nikaifunga mwenyewe kabla mtoto hajazaliwa. Mtaa mzima ukanisifu. Nikatembea kifua mbele wiki mbili.

Wiki ya tatu AC ikaanza kutoa harufu ya nguo iliyosahaulika kwenye ndoo. Nikapanda stuli, nikamulika na tochi kwenye matundu, naona vidoa vyeusi. Ukungu. Nikasema nifungue nioshe, saa moja na nusu nimemaliza. Bi Saumu akakataa. Chumba cha mzazi hakimwagwi maji, hakigongwi nyundo, wala haingii mwanamume na bisibisi humo mpaka arobaini iishe. Harufu ataimaliza mwenyewe. Udi alikuwa anafukiza toka siku ya kwanza, ndiyo mila yao ya uzazi. Sasa akachukua chetezo, kile chombo cha udongo cha makaa, akakisogeza chini kabisa ya AC. Moshi unapanda, AC inavuta. Harufu inapotea nusu saa, halafu inarudi na hasira.

Na mwanangu Salha, mwenye siku thelathini na nane, kifua chake kikaanza kulia filimbi. Nesi wa zahanati alisema chumba kisafishwe haraka. Bi Saumu akasema yule nesi mwenyewe hajazaa.

Hayo ni ya kweli. Sasa ndoto.

Tuko tunabishana, AC ikakohoa.

"Samahani," ikasema. "Mngeweza kubishania nje? Nimewekwa nyuzi kumi na sita na mwenyewe nina kifua."

"Umeona?" Bi Saumu akaniambia. "Inataka udi." Akaongeza kipande kwenye makaa.

AC ikapiga chafya. Punje nyeusi zikamwagika juu ya chandarua cha mtoto, kama mtu kamwaga pilipili manga. Halafu kukawa kimya, na ndani ya ule ukimya nikagundua kifua cha Salha hakilii filimbi tena. Nikafurahi kama sekunde moja. Nikasogea. Hakilii filimbi kwa sababu hakivuti hewa. Mtoto ananitazama, rangi yake nzuri tu, anapiga miayo, anachezesha kidole. Ila pumzi haimo.

"Pumzi ya mtoto iko wapi?" nikauliza.

"Iko kwangu ndani," AC ikasema. "Kaichukua anayekaa humu."

"Nani anakaa humo?"

"Mi sio msemaji wake. Fungua umuulize."

Nikamwangalia Bi Saumu. Anapepea makaa.

"Mama, umesikia? Mtoto hana pumzi."

"Kalala."

"Macho yako wazi."

"Basi anafikiri. Mwache mtoto afikiri."

Nikaona huyu hanisaidii. Nikachukua stuli. Sasa, kazi yetu ina kanuni, na ya kwanza ni kwamba hugusi kitu mpaka uzime umeme. Nikazima swichi ya ukutani.

Kila kitu kikazima. Sio AC peke yake. Zena alikuwa mlangoni, anasema, "Hatibu, ukitoka pitia na..." akabaki mdomo wazi. Nzi kaning'inia hewani. Jogoo wa jirani kakatika katikati ya kuwika. Hata jua limebaki pale pale utosini, linawaka bila kusogea.

Bi Saumu akaendelea kupepea makaa.

"Mbona wewe hujazima?" nikamuuliza.

"Mimi situmii umeme."

"Haya."

"Muwashe mwanangu amalize maneno yake."

"Siwezi kuwasha na mfuniko uko wazi."

"Kasema nani?"

"Ndiyo kanuni."

Akasonya. "Kanuni zako wewe ni za waya. Za kwangu zimelea watoto saba."

Nikafungua mfuniko. Filta, ule wavu wa kunasa vumbi, ilikuwa imevaa vumbi zito, kama koti, ikajikunja kwa aibu. "Usinitazame," ikasema. "Sijaoga toka gesti." Nikaichomoa, nikaiweka kwapani. Nyuma yake, badala ya koili, yale mabomba ya baridi, naona ujia mrefu mweusi. Naingiza kichwa. Kichwa kinaenea. Naingiza mabega, yanaenea. Nikitafuta stuli kwa miguu, haipo, niko ndani ya AC nimesimama wima.

Mule ndani ni baridi na kunanata. Vile vibati vya koili ambavyo kwa nje ni vyembamba kama karatasi, vimesimama huku na huku kama kuta za mabati, na kila ukuta una utando wa rangi ya chai. Nikagusa, kidole kikang'ang'ania kama nimeshika halua. Nikalamba. Nikiri tu kwamba nililamba. Sukari.

Mwisho wa ujia kuna sebule. Kuna mkeka, mito, birika la kahawa. Amekaa mtu mnene mweusi, ana manyoya laini mwili mzima, uso hana, lakini unajua kabisa kwamba anakutazama.

"Karibu," akasema.

"Nimekuja kukutoa."

"Salamu kwanza."

"Sina salamu na ukungu."

"Ndiyo maana mkweo anakulalamikia. Mimi namsalimia kila jioni."

Nikatoa brashi mfukoni nimpige. Brashi ikalegea mkononi kama mlenda. "Mgeni hapigwi," ikasema. Nikatoa chupa ya sabuni nikampulizia mzima mzima. Akajipangusa taratibu.

"Ina limau," akasema. "Asante. Kaa tuongee."

Nikakaa, maana kusimama nilikuwa nateleza.

"Wewe ni nani wa kukaa humu?" nikamuuliza.

"Mgeni wa Bi Saumu. Lakini mwanzo nililetwa na wewe."

"Mimi?"

"Nilikuwa kidoa tu, nyuma ya feni ya ndani. Ukubwa wa dengu. Wewe ulipoinunua AC hukufungua feni. Uliosha kwa juu, ukaipangusa plastiki kwa mafuta ya kung'arisha, ukaifunga ukapiga picha. Unabisha?"

Sikubisha. Feni ya ndani ina skrubu moja mbaya imejificha, na siku ile nilikuwa na haraka, mke anaweza kushikwa na uchungu wakati wowote, na watu walikuwa wamekaa nje wanasubiri waone ubaridi. Nikasema nitaifungua wiki ijayo.

"Nilikuwa nife pale pale," Ukungu akaendelea. "Mahali pasafi, hakuna cha kula. Mara jioni moja ukaingia moshi. Bi Saumu udi wake hanunui, anaupika. Vijiti, marashi, na sukari, anakoroga mwenyewe. Moshi ule ukikutana na baridi unaganda kwenye koili, vumbi linanasa, mimi naenea. Nikasema, hapa nimekaribishwa. Kule gesti watu walikuwa wananipulizia dawa ya mbu."

"Hakufukizii wewe. Anamfukizia mtoto."

"Moshi ulikuwa unakwenda kwa nani?"

Akanionyesha ukuta. Kuna michirizi ya masizi, mmoja mmoja, kila jioni mmoja, imepangwa vizuri. Thelathini na nane.

"Keshokutwa ni arobaini," akasema. "Aliyekaa ndani siku arobaini akafukizwa, anatolewa nje, ananyolewa, anatajwa jina mbele ya watu. Sasa humu tuko wawili na mlango ni mmoja. Atakayetoka ni mwenye pumzi."

Akasogea kidogo. Nyuma yake, kwenye msumari, kimefungwa kipande cha kanga, kifundo kidogo kama cha mtu aliyeweka chumvi. Kifundo kinavimba na kunywea, kinavimba na kunywea, na kila kikivimba kinalia filimbi.

Nikaruka kukichukua. Akakikalia.

"Toka juu ya mwanangu."

"Nitatoka nikiambiwa na aliyenikaribisha. Wewe ni fundi tu."

"Mimi ni baba yake."

"Ndiyo. Baba yake, fundi tu."

Hilo liliniuma kuliko yote. Nikageuka kwenda kuchukua pampu ya maji nimzoe kwa nguvu, na nilipogeuka nikajikuta uani.

Ni uani kwa Bi Saumu na ni siku ya arobaini. Siku mbili zilizobaki sijui zimekwenda wapi, hakuna aliyeniomba ruhusa. Wanawake wamekaa kwenye majamvi, sinia za pilau zinazunguka. Nikashangaa mbona wao hawajazima. Nikatazama vizuri, wote ni dada zake Bi Saumu.

Bi Saumu anatoka ndani, kabeba kitu kwenye kanga mpya. Vigelegele. Anafunua kidogo. Naona manyoya meusi.

"Kafanana na baba yake," akasema dada yake mkubwa, Bi Mize. "Hasa nywele."

"Huyo sio mtoto," nikasema. "Huyo ni ukungu."

"Wanaume wote wanasema hivyo wakiona mtoto mweusi."

"Bi Mize, shikamoo. Mtoto yuko ndani, kwenye chandarua, hana pumzi. Huyo mliyebeba katoka kwenye AC."

"Marahaba. Nawe AC hiyo si ulileta wewe?"

Wakaanza kumnyoa. Wembe ukipita, unga mweusi unaanguka kwenye sahani, na pale pale nywele zinaota upya. Wakanyoa mara nne. Bi Mize akasema ana afya.

"Muulizeni mama yake," nikasema. "Zena atajua mwanawe."

Wote wakageuka. Zena yuko mlangoni, mdomo wazi, vile vile nilivyomwacha.

"Muwashe basi," Bi Saumu akasema.

Hapo ndipo nilipotaka kulia. Nimuwasheje? Siwashi mpaka nifunge mfuniko. Sifungi mfuniko mpaka nirudishe filta. Sirudishi filta ikiwa mbichi, maana filta mbichi ndiyo chakula cha ukungu kuliko hata udi. Na sasa hivi filta iko kwapani kwangu, haijaoshwa, imesinzia.

Nikaipeleka bombani. Nikaipitishia maji kwa nyuma, sabuni, brashi. Inacheka, inasema naitekenya. Nikaikung'uta. Nikaiweka juani ikauke upesi.

"Hapana," ikasema. "Kivulini. Juani nitapinda."

Ni kweli. Plastiki yake ikipigwa na jua inapinda, haikai tena kwenye reli. Hiyo nawaambia wateja kila siku.

Nikatafuta kivuli. Ukuta hauna kivuli. Chembamba wala kinene, hakuna. Paa halina kivuli. Ndoo haina. Vivuli vyote nilivizima na swichi. Dada zake Bi Saumu vivuli wanavyo lakini wamevikalia, na hakuna hata mmoja aliyetaka kuinuka kabla pilau haijamfikia. Mwenye kivuli na amesimama ni mtu mmoja tu uani pale.

Nikailaza filta kwenye kivuli cha Bi Saumu. Ikajinyoosha, ikashusha pumzi.

Bi Saumu akasogea hatua moja kulia.

Nikaisogeza filta.

Akasogea hatua mbili kushoto.

"Mama, usisogee."

"Uwanja wangu, nasogea nitakavyo."

"Inatakiwa ikauke."

"Kwani nimeizuia?"

Akazunguka sinia, mimi nyuma yake na filta mikononi, nimeinama kama nafukuza kuku. Wanawake wanakula wananitazama. Akaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, akarudi. Akaenda chooni, akatoka. Mimi namfuata, jasho linanitoka, na huku kwenye beleko lake yule bwana anapumua pumzi ya mwanangu, naisikia filimbi kabisa, na kila duara tunalozunguka inazidi kuwa nyembamba.

"Mama," nikasema. "Simama."

"Hivyo ndivyo unavyosema na mkweo? Simama? Mimi gari?"

"Mama, unataka nini?"

"Sitaki kitu. Toka umeingia kwenye hii familia umeniambia toa, acha, sogea, sio hivyo. Siku ulipoleta hiyo AC uliniambia, mama, sasa feni yako katupe. Uliniuliza kama nataka kuitupa? Feni ile alininunulia marehemu."

Feni ile niliitupa mimi mwenyewe, kwa furaha.

Nikapiga magoti pale pale uani, filta mkononi. Sio kwamba mimi ni mtu wa magoti. Filimbi ilikuwa imebaki kama uzi.

"Naomba," nikasema.

"Unaomba nini?"

"Naomba usimame, mama. Mtoto anaishiwa pumzi. Ukungu niliuleta mimi. Nilifanya kazi nusu ili nionekane nimemaliza, sikufungua feni ya ndani, nikakuacha wewe ndani na harufu ambayo sio yako. Udi wako umeulisha, lakini mbegu ni yangu. Na feni ya marehemu nilikosea. Naomba usimame mpaka filta ikauke."

Bi Saumu akanigeukia.

"Kumbe kusema unajua," akasema. Akasimama.

Nikailaza filta miguuni pake. Hakutikisika. Nzi hakuna wa kumsumbua, wote wamening'inia. Tukakaa hivyo, sijui dakika ngapi, jua haliendi popote, filta inakauka kwa mpangilio wake.

Kanga ikakohoa. Sio kikohozi cha mtoto.

"Bi Saumu," ikasema sauti nzito ya kiume. "Saa yangu ya udi imefika. Mbona siusikii?"

Bi Saumu akafunua kanga. Kwa mara ya kwanza akaangalia alichobeba. Dada zake wakaacha kutafuna.

"Wewe ndiye niliyekuwa nakufukizia?"

"Ndiye mimi. Jioni zote, na sikusahau hata moja. Una mkono mzuri, mama. Ila ule wa juzi..."

"Ule wa juzi umefanyaje?"

"Sukari ilizidi. Kidogo tu."

Hata wale waliozimwa nadhani walisikia.

"Ilizidi," Bi Saumu akasema.

"Kidogo."

"Mize, umemsikia? Napika udi miaka thelathini na mbili. Maharusi wa mji huu nusu wameolewa wananuka udi wangu. Anatokea huyu, hana hata pua, ananiambia sukari ilizidi."

"Hana adabu," Bi Mize akasema.

"Sikuwa na nia mbaya," Ukungu akasema.

Bi Saumu hakusogea hata unyayo, kivuli kikabaki pale pale juu ya filta. Alimweka chini tu yule bwana, akanyoosha mkono, akachukua chetezo kilichokuwa kando yake, akakigeuza ndani ya ndoo ya maji. Makaa yakalia chwaa. Moshi ukakata.

"Leo hapafukizwi," akasema. "Wala kesho. Na anayetolewa ni mjukuu wangu."

Nikadhani Ukungu atabisha, nikatafuta brashi. Lakini yule, lazima niseme, ni mtu aliyelelewa. Akasimama, akajikung'uta manyoya, ameshapungua, sasa ananifika kiunoni.

"Basi mama, mimi naaga," akasema. "Nimekula, nimefukizwa, nimeshukuru."

"Na cha mtoto?"

Akampa mkono. Bi Saumu akampokea mkono, wakashikana vizuri, kwa heshima, kama watu wanaoachana stendi, na alipouachia, kile kifundo cha kanga kilikuwa kwenye kiganja cha Bi Saumu.

Ukungu akaja kwangu, sasa ananifika gotini.

"Lile bomba la kutolea maji, lina mteremko?"

"Lina," nikasema. "Nilipima mwenyewe."

"Hapo ulifanya kazi," akasema. Akaingia kwenye bomba, ukasikika mteremko wake wote mpaka kwenye karo, bila kukwama.

Bi Saumu akafungua kifundo kwa meno. Kaupepo kadogo kakapita uani, kakainua kona za majamvi, kakaingia chumbani.

"Nimekauka," filta ikasema.

Nikairudisha kwenye reli, nikabana mfuniko, nikawasha swichi. Jogoo akamaliza kuwika. Zena akamaliza, "...nyanya mbili na limau." Na Salha akalia, kilio kikubwa, cha mtu mwenye hewa ya kutosha kulalamika.

Nikaamka. Niko kwenye mkeka, shavu lina alama za ukindu, saa ya ukutani inasema saa tisa kasoro. Salha analia kweli. Lakini sauti inatokea upande mwingine, sio chumba cha AC.

Nikainuka. Nikapita ukumbini, namkuta Bi Saumu kachuchumaa mbele ya beseni, ananawa mkono wa kulia. Anasugua kwa sabuni, anasugua kwa dodoki, anaugeuza, anatazama, anaanza upya. Maji kwenye beseni yamekuwa meusi. Kiganja chote cheusi, na katikati ya kidole gumba na cha shahada, pale mtu anapokushika ukimpa mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umeshika nini?"

"Masizi ya sufuria."

Jana hatukupika. Tulikula wali uliotoka kwa jirani, na sinia lake lilikuwa bado liko mezani.

Sikusema hivyo. Ningekuwa mimi yule wa asubuhi ningesema. Akaendelea kusugua, weusi haupungui.

"Mama," nikasema. "Naomba nifungue ile AC. Yote, mpaka feni ya ndani. Nitatandika plastiki, hata tone halitaanguka."

Akanitazama kwa namna ambayo hajawahi kunitazama, kama mtu aliyetaka kuniuliza kitu halafu akaona haifai kuuliza kitu cha namna hiyo mchana.

"Zena na mtoto nimewahamishia chumbani kwangu," akasema.

"Lini?"

"Sasa hivi. Nililala kidogo, nikaamka, nikaona niwahamishe."

"Uliota?"

Akajifuta kiganja kwenye kanga. Kanga ikabaki safi, kiganja kikabaki cheusi. Akakifumba. Akainama akachukua chetezo kwa mkono wa kushoto, kilikuwa cha baridi, ndani hakuna hata jivu, kimeoshwa.

"Fungua. Na usiwashe mpaka ile filta ikauke, kivulini," akasema.

Akageuka, akaenda zake.